Birika la Klabu Bingwa ya Asia

Jumatatu, 30 Juni 1986

Siku ya kihistoria! Katibu wa Michezo wa kiwanda amehamishiwa Mwanza. Chumba chake kiko wazi. Leo nimekipitia mara nne, kila mara nikijifanya naenda chooni. Meza moja. Kiti chenye mto. Dirisha linalotazama reli, na mwarobaini nje yake. Hakuna mashine. Hakuna vumbi la pamba. Treni ya mizigo ikapita polepole, nami nikasimama pale dirishani nikaisindikiza kwa macho mpaka nikasahau nina kazi. Msimamizi akanikumbusha kwa sauti.

Mwaka wa kumi na moja huu nalisha mashine za kuchambua pamba. Nyuzi kwenye nywele, nyuzi kwenye uji, nyuzi kwenye kikohozi. Nakitaka kile chumba. Nakitaka mpaka roho inauma.

Leodgar wa stoo naye anakitaka. Leodgar! Mtu ambaye stoo kwake tayari kuna madirisha mawili. Leo kaja kazini amevaa tai.

Jumanne, 1 Julai

Betri nilizianika juani tangu asubuhi. Jioni redio ikaamka. Nikapata idhaa ya Kiswahili ya kutoka Tokyo, sauti inakuja, inaondoka, inarudi imelowa kama imevuka maji. Mtangazaji akagusia Klabu Bingwa ya Asia, msimu mpya. Matokeo yakamezwa na mikwaruzo. Haidhuru, mimi si mtu wa matokeo. Nafumba macho na kuona nyasi zilizokatwa sawasawa, taa juu ya nguzo, watu wenye majina nisiyoweza kuyatamka wakinipigia makofi.

Nimefungua ukurasa wa Januari. Niliandika kwa wino mwekundu: Daewoo ya Busan imeifunga Al-Ahli tatu kwa moja, dakika za nyongeza, tena Jeddah, nyumbani kwao. Daewoo ni timu ya kampuni! Kampuni, bingwa wa bara zima! Na sisi je? Si tuna kiwanda? Wazo likanishukia palepale. Mke wangu Melania akaniambia mboga inaungua, niepue.

Mboga imeungua.

Jumatano, 2 Julai

Nimekwenda kwa Meneja, Bwana Bartholomeo. Nikamweleza: Klabu Bingwa ya Asia, kituo cha Shinyanga. Idara nne, timu nne, kombe moja. Akauliza Asia inatuhusu nini. Nikamjibu kwamba pamba yetu inafika huko kila mwaka na sisi hatujawahi hata kuisindikiza. Akacheka mpaka akavua miwani. Amekubali! Tena akaongeza kwamba kiongozi wa timu itakayoshinda ndiye atakayekalia kile chumba.

Nimetoka ofisini mwepesi kama robota la pamba lililokatwa kamba. Ndipo nikakumbuka kwamba timu ya idara yangu haijui mpira.

Jumamosi, 5 Julai

Nimegawa majina mwenyewe, kwa hekima. Idara ya Mashine, yaani sisi: Busan. Stoo ya Leodgar: Jeddah. Aliyepewa jina la aliyefungwa naye atafungwa, ni jambo la maumbile. Leodgar hajui. Kanishukuru, kasema jina lina heshima. Idara ya Marobota ni Tokyo. Madereva wamekataa majina yote, wanataka kuitwa Madereva.

Mazoezi ya kwanza. Golikipa wetu amedaka mpira mmoja tu, nao ulikuwa wa kurudishiwa.

Kombe limepatikana: birika la Melania, lile la harusi. Nimelisugua kwa majivu mpaka nikauona uso wangu. Uso wa katibu kabisa. Melania nimemwambia linakwenda kuzibwa tundu. Akasema birika halina tundu. Nikasema ndiyo maana nawahi.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Nimekwenda kuangalia ngoma za mavuno, makundi ya Bagika na Bagalu, kama nilivyokwenda tangu utotoni. Kundi moja huku, kundi moja kule, siku moja, saa moja, uwanja mmoja. Hakuna magoli. Anayevuta watu wengi upande wake ndiye mshindi, na watu wanaomkimbia mpinzani wake ndio hukumu. Nilikuwa nimesimama na muwa mdomoni, vumbi la jua linaelea, ngoma zinaniingia magotini, nikaona uwanja wa Jeddah wote umehamia kwangu.

Ee Mungu! Busan hatuna haja ya kufunga. Tunataka sare tu, na umati!

Kabla ya jioni nimeandika Kanuni ya Tisa: mechi ikiisha sare, mshindi ni timu ambayo upande wake wa uwanja una watu wengi filimbi ya mwisho ikilia, kwa kuheshimu mila zetu. Nimempelekea Leodgar. Ametia sahihi bila hata kukaa chini. Kasema mila ni kitu kizuri. Masikini!

Refa atakuwa Mzee Ignas wa mizani. Miaka thelathini anapima pamba, hajapunja mkulima hata kilo moja. Na ujanani alikuwa akiamua ngoma hizohizo. Nimemwamkia shikamoo mara mbili, ya pili kwa ajili ya kanuni.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeomba ruhusa ya ugonjwa nikaenda Kolandoto; kule kuna hospitali, hivyo ruhusa ya ugonjwa haiulizwi maswali. Sikwenda hospitali. Nilikwenda kwa mjomba Mageni. Yeye ni wa Bayeye, wacheza nyoka. Ana chatu mrefu kuliko kitanda changu, jina lake Karani, kwa sababu hulala mchana kutwa.

Mjomba kakubali kuja kucheza upande wetu. Kanipa sharti moja tu. Karani akirudishwa kwenye sanduku, kifuniko kifungwe kamba mbili, si moja. Karudia mara tatu. Akaniuliza nimesikia nini. Nikasema kamba mbili. Kwa kweli nilikuwa nawaza pazia. La buluu, au la maua?

Jumamosi, 12 Julai

Nusu fainali. Busan na Tokyo. Wachezaji wangu wote kumi na mmoja walisimama golini wakashikana mikono. Tokyo walipiga mashuti mpaka wakachoka, mmoja akakaa chini na kufungua viatu. Sare, bila kwa bila. Kabla ya filimbi mjomba alipiga ngoma, Karani akanyanyua kichwa, na watu wakamiminika upande wetu mpaka wauza karanga. Mzee Ignas akatazama kushoto, akatazama kulia, akaandika. Tumeingia fainali!

Jeddah wamewafunga Madereva tano bila. Nimeona miguu ya wale vijana wa stoo. Usingizi utanipa taabu.

Leodgar kaja kunipongeza. Kasema mjomba wangu ana kipaji. Simwamini mtu anayepongeza na tai shingoni.

Jumatano, 16 Julai

Mazoezi ya kupoteza muda. Tunaendelea vizuri. Ignas hajui tunafanya nini, kauliza kama tunachimba kisima.

Mchana nimeingia kwenye kile chumba na uzi wa pamba nikapima dirisha. Nimekaa kwenye kiti. Mto unapumua ukikaliwa! Upepo ulikuwa unaingia na harufu ya mwarobaini, hakuna hata unyuzi mmoja. Nilipumua mpaka ndani kabisa, sijakohoa. Machozi yalinilenga, sioni aibu kuandika. Nikasinzia nikaota nasaini barua ya kwenda Busan.

Melania kauliza habari za birika. Nikasema fundi ana kazi nyingi. Kasema, Baba Paskalia, fundi yupi? Nikatoka kuangalia kama mvua itanyesha. Ni Julai.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeteguka katika kukimbia.

Fainali. Kiwanda kizima, wake, wakulima waliokuwa foleni ya mizani, masista wawili waliopita kwa baiskeli. Meneja kwenye kiti, birika mezani mbele yake liking'aa. Melania nilimwambia asije, kuna jua. Hakuja. Hilo peke yake ndilo lililokwenda nilivyopanga.

Dakika ya kumi Jeddah wakafunga. Nikatulia. Nikampa mjomba ishara, naye akamtoa Karani, akamvaa shingoni. Kelele! Golikipa wa Jeddah akashindwa kuvumilia, akaacha goli aje kuona. Beki wetu mmoja akapiga mpira ovyo ili utoke nje, mpira ukavingirika, ukavingirika, ukaingia taratibu kwenye goli lisilo na mtu. Moja kwa moja! Nilimkumbatia msimamizi wangu.

Zikabaki dakika tano. Sare. Umati wote upande wetu, watu wamebebana mabegani. Upande wa Leodgar walibaki Leodgar na mbuzi wa mtu. Mjomba akamrudisha Karani sandukuni apumzike, akaenda bombani kunywa maji, akaniachia kamba mbili.

Nikafunga ya kwanza. Nikashika ya pili. Nikiinua macho tu, naona dirisha langu upande wa pili wa uwanja. Jua la jioni lilikuwa limekaa juu ya kioo. Treni ikapiga honi mbali. Ukimya ukaniingia masikioni kama ule wa redio kabla ya sauti kurudi, na nikajiona ndani ya kile kioo, nimeketi, pazia la buluu linanigusa bega, nje mtu anagonga mlango kwa heshima, shikamoo Katibu. Nikasema marahaba. Nilisema kwa sauti. Kamba ya pili nilikuwa naipunga kama bendera.

Mtu akapiga ukunga.

Karani alikuwa ameamka! Nusu nje, nusu ndani, anatafuta aliko mjomba. Sijawahi kuona watu mia tatu wakivuka uwanja wa mpira kwa wakati mmoja. Masista walipita bila baiskeli. Wachezaji wangu walivunja ukuta kwa mara ya kwanza msimu huu. Na katikati ya kishindo kile nikasikia filimbi. Ndefu. Ya mwisho.

Mzee Ignas hakukimbia. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja na kidaftari chake, kama siku zote kwenye mizani. Akatazama upande wetu. Akatangaza: upande wa Mashine, chatu mmoja. Akageuka. Upande wa Stoo, watu wote.

Nikapiga kelele kwamba kiongozi wa Mashine hakubali. Akaniuliza kwa upole mimi nimesimama wapi. Nikajitazama. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote wa Jeddah, wa kwanza kufika, nimeishika tai ya Leodgar kwa mikono miwili.

Nikadai kwamba tumefika pale kwa hofu, si kwa mapenzi. Mzee Ignas akasema mizani haiulizi mzigo umefikaje. Akaandika.

Mjomba alirudi kutoka bombani, akamwokota Karani, hakunisemesha.

Jumapili, 20 Julai

Misa ya kwanza. Padri alihubiri juu ya nyoka. Nadhani alikuwa ameambiwa.

Baada ya misa mke wa Leodgar akamwambia Melania asante kwa birika, linachemka haraka sana. Melania alitembea mbele yangu njia nzima. Nyumbani chai ameichemsha kwenye sufuria, akaniwekea, akakaa mbele yangu akinitazama nikinywa. Nilikunywa ikiwa ya moto. Nimeungua ulimi, na nilistahili.

Kisha nikakohoa, kile kikohozi cha nyuzi, kirefu. Ndipo akasogea akanipigapiga mgongoni. Akasema alidhani nataka chumba kwa ajili ya kuringa. Nikasema ni cha kupumulia. Akasema basi ningeomba, Baba Paskalia, Meneja ni mtu wa kuombeka, ningekwenda tu nikamwambia kifua kinaniuma.

Kuomba! Sikuwahi kuliwazia hilo. Litakuwa ni wazo la mwisho kabisa, kila kitu kingine kikishindikana.

Jumatatu, 21 Julai

Leodgar kahamia. Pazia ni la maua. Birika liko dirishani, jua linaligonga, mwanga unanifikia mpaka kwenye mashine. Nimefunga jicho moja nikafanya kazi na lingine.

Jumamosi, 3 Januari 1987

Jioni. Betri zilikuwa juani siku mbili. Tokyo ikaja safi, kama mtu yuko chumba cha pili. Msimu umekwisha. Bingwa mpya wa Asia ni Furukawa ya Japani. Timu ya kiwanda cha umeme! Watu wanaotengeneza nyaya! Nilitoka nje nikasimama. Anga limejaa mawingu ya mvua, harufu ya udongo, nyaya za umeme zimepita juu ya nyumba yetu zikielekea kusikojulikana, nami nikazifuata kwa macho mpaka mwisho wake, na mwisho wake kulikuwa na taa na nyasi na watu wakinipigia makofi.

Ishara gani nyingine ninayoitaka?

Melania kaniuliza tena kama nimeshakwenda kwa Meneja. Nikasema nakwenda Jumatatu. Na nitakwenda kweli! Kuomba msimu wa pili. Leodgar ameshakubali kiti kigombewe upya, mtu mwenye birika hana woga.

Nimeyapima makosa yangu kwa uaminifu, bila kujionea huruma. Lilikuwa moja tu. Chatu hana sauti, watu hawamsikii akija, ndiyo maana wanashtuka. Mjomba amekubali kusema nami tena tangu Krismasi, na anamjua mtu wa Ushirombo mwenye fisi anayecheza ngoma. Fisi ana sauti. Kombe litakuwa sufuria, limebaki lile moja, nimeanza kulisugua. Melania anadhani nasaidia kazi za nyumbani.

Fisi atakuja kwa treni, na kamba nitamfunga mwenyewe.