Namna Papa Adalbert Alivyoachana na Kiti

Sogeeni, enyi wa Majengo na Murara, nanyi mnaoshuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi, tueni mizigo mlisikie tendo lisilopata kutendwa mjini Goma: namna Papa Adalbert, karani mwenye ulimi wa asali, simba wa salamu ndefu, alivyonyanyuka kutoka kitini.

Siku hiyo alikuwa msemaji wa ukoo, amefika Majengo kumposea mpwa wake Benny binti aitwaye Chance. Naye adui alikwisha kulala juu ya kiti cha plastiki, mwekundu, laini, akinukia stroberi: chingamu iliyotafunwa na mtu asiyejulikana hadi leo. Shujaa akaikalia. Jua likaipika, ikashikamana na suruali yake kama kupe na ng'ombe wa Masisi.

"Papa Adalbert," akanguruma Muzee Bagalwa, baba wa binti, "simama utuambie mulikuja kutafuta nini kwa hii nyumba."

Akasimama. Kiti kikasimama naye. Akaketi upesi. Ua mzima ukamkodolea macho, kwani aposaye akiwa amekaa amewatukana wakwe. Benny akaanza kutafuna kola ya shati.

Ndipo Mama Emerance, mke wa shujaa, alipochomoa silaha mkobani: kichupa cha mafuta ya mkaratusi, kisichozidi kidole gumba.

"Usitikisike, papa," akanong'ona. "Hii mafuta ya kalitusi inafunguaka pua, inafukuzaka mbu, na chingamu inaiyeyushaka."

Tone la kwanza, adui akadharau. La tatu, akalegea. La saba, akasalimu amri! Shujaa akakwangua mabaki kwa vidole vyake mwenyewe, kisha, ole wake, akajipangusa jasho usoni kwa vidole vile vile.

Akasimama! Peke yake, bila kiti! Lakini mkaratusi ukamwingia machoni, machozi yakabubujika hadi kwenye tai.

"Wazee wangu," akalia, "tunamupenda... huyu mutoto."

Hotuba ya kurasa nne ikafia hapo. Muzee Bagalwa, aliyezibwa pua na mafua kwa siku tatu, akavuta ile harufu, pua ikafunguka, macho yakamlowa naye.

"Nilipokea wachumba wengi hapa," akasema. "Hakuna msemaji mwenye alilia mbele ya kuanza hotuba. Mutoto ni wenu."

Vigelegele vikatikisa mabati. Basi andikeni, wenye kalamu: Jumamosi, saa tano na robo asubuhi, mbele ya mashahidi sitini, Papa Adalbert aliachana na kiti. Suruali ile Mama Emerance ameitundika sebuleni, na amekataza isifuliwe.