Uzinduzi wa Kinu cha Muhogo cha Agbedero

Mtukufu Baale, mkuu wa kijiji hiki cha Agbedero, pamoja na wake zako wote watatu. Mheshimiwa Mama Mkuu wa Soko. Waheshimiwa wawindaji mliokuja na bunduki zenu, ambazo naomba ziendelee kuelekea juu. Wakulima wa muhogo, viazi vikuu na kakao. Wageni waalikwa, nanyi mliokuja bila kualikwa: mimi, Chifu Injinia Gbolahan Atilola, Mwenyekiti wa Wilaya, nawasalimu mara saba! (Makofi. Mpiga ngoma anamsifu. Mwenyekiti anasubiri amalize, kisha anamwomba arudie.)

Ndugu wananchi, tangu niingie madarakani wilaya hii imo katika mchakato shirikishi wa kuwawezesha wadau wa mnyororo wa thamani wa muhogo, na utafiti wa kina uliofanyika ofisini kwangu, nikiwa nimeketi, umebaini kwamba asilimia mia moja na nne ya akina mama wamechoka kuparuza muhogo kwa mkono (vicheko), ndiyo maana nimewaletea kinu cha kisasa kitakachosaga tani arobaini kwa siku, kitakachoukamua, kitakachoukaanga na, bajeti ikiruhusu, kitakachoula!

(Iya Morenike, mkulima, kutoka nyuma: "Mwenyekiti, mwanangu, barua yako ilisema tuje na muhogo. Juzi nimeng'oa shamba zima. Leo umeanza kunuka. Kinu kiko wapi?")

Swali zuri sana, mama yangu. Kinu kipo katika awamu ya... ("Ipi?") ...awamu ya kutoonekana kwa macho, ambayo kitaalamu ndiyo ngumu kuliko zote, na tumeimudu kwa mafanikio makubwa.

("Na magunia yangu sita nayo niyakaange bila kuonekana?" Vicheko. Iya Morenike anajitwisha kapu. "Jamani, kwangu kuna paruzo nne za bati. Tukianza sasa hivi tutaokoa hata nusu. Twendeni!" Wanawake wanainuka, safu kwa safu.)

Naona wananchi wameshaanza utekelezaji! Katibu, andika hiyo. Nawe Iya Morenike, usiondoke na kinyongo. Marehemu mama yangu naye aliparuza muhogo mpaka vidole vikachubuka, na mlaji nilikuwa mimi. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na nitaliundia kamati.

Agbedero juu! (Baale, peke yake: "Juu.") Muhogo kwanza! (Kutoka njiani: "Ndio huo tunaukimbilia!") Maendeleo, mbele kwa mbele!

Mwisho kabisa, namshukuru mpiga picha kwa kunipiga nikikata utepe, upande wangu mzuri. Namshukuru mkandarasi, ambaye hakuweza kufika kwa kuwa hatujamteua. Na kwa namna ya pekee namshukuru Baba Sijuade kwa kutuazima shamba lake la viazi vikuu tuliite eneo la mradi kwa siku ya leo. Baba, kesho endelea kupalilia bila wasiwasi. Serikali haijawahi kuwa na mpango wowote wa kujenga hapa.

(Baba Sijuade anasimama na kupiga makofi mpaka kofia inamdondoka.)