Msaada wa Kompyuta Unatolewa Hapa

Jumamosi, 1 Machi 2014. Kasulu.

Maisha yangu yamebadilika leo! Mjomba Abdulrahmani alinituma sokoni kununua kamba za duka. Kamba sikununua. Ukutani karibu na stendi nimekuta tangazo: SOMA WIKI MBILI, UWE AFISA MSAADA WA KOMPYUTA. MASHIRIKA YANAKUSUBIRI. Chini yake picha ya mzungu amevaa visikilizio, anacheka peke yake. Nikajiona mimi pale. Tai. Kiti cha kuzunguka. Kiyoyozi! Kasulu baridi ipo ya kutosha, lakini nitakiwasha hivyo hivyo.

Mwenye kozi ni Mkurugenzi Saady, mtu wa Dar es Salaam. Suti ya kijivu, simu mbili. Usaili ulikuwa mkali sana. Aliniuliza kama nimewahi kuona kompyuta. Nikasema ndiyo, wilayani, kupitia dirishani. Nimechaguliwa! Isihaka wa bodaboda naye kachaguliwa, sijui kwa vigezo gani. Kachaguliwa pia mzee mmoja aliyeingia kuuliza choo kiko wapi.

Mke wangu, Mama Tunu, hakushangilia. Alikuwa kwenye cherehani chake, akauliza bila kuinua kichwa: kama kazi yenyewe ina hela kiasi hicho, mbona huyo Mkurugenzi haifanyi, anakazana kufundisha wengine? Nimemwambia hayo ni maswali ya watu wasioenda na wakati. Ila nimelala nikiwaza swali lile.

Jumatatu, 3 Machi.

Asubuhi nimeacha kuwaza swali lile. Tatizo ni ada tu. Bahati nzuri Mkurugenzi ni muungwana: asiye na pesa anaweka kitu, atakikomboa kwa mshahara wa kwanza. Nimezunguka nyumba nzima. Kitanda hakipiti mlangoni. Redio ni ya mjomba. Kikabaki cherehani. Mama Tunu alikuwa amekwenda Titye kumsaidia mama yake kupalilia, basi nimekipakia kwenye toroli, nimekifunika kanga, nimekipeleka. Mshahara ukitoka namnunulia cha umeme!

Aliporudi nimemwambia kimekwenda kutiwa mafuta. Akauliza mafuta gani ya kukilaza cherehani kwa fundi. Nikasema ya kutoka nje. Akaniangalia. Akanikumbusha kwamba magauni ya harusi ya mdogo wake Shadia yanatakiwa Jumapili ya tarehe 23, na yasipokuwa tayari ataaibika mbele ya ukoo mzima. Na atakayekuwa amemwaibisha atalala nje mpaka Tunu aolewe.

Tunu ana miaka mitatu.

Alhamisi, 6 Machi.

Darasa limenoga! Kompyuta ni moja, imefunikwa kitambaa, umeme hakuna. Kwa hiyo tunajifunzia kwenye boksi la sabuni lililochorwa kibodi kwa kalamu. Isihaka amekalia upande wenye herufi zote za maana. Mimi nimebanwa kwenye namba. Nimepiga tisa mpaka imefutika.

Mchana Mkurugenzi akafunga mlango, akashusha sauti, akasema leo anatupa siri ya fani nzima, siri ambayo Wazungu wanaificha. Tukasogeza vichwa. Akasema: zima, halafu washa.

Mzee wa choo akapiga makofi. Mimi machozi yalinilengalenga. Kumbe ndiyo hiyo tu, na sisi tumekaa miaka yote hii hatujui!

Jumapili, 9 Machi.

Leo mazoezi ya vitendo. Redio ya mjomba: nimezima, nimewasha, safi. Taa: safi. Nikapita kwenye mashine ya kusaga ya Leonidasi, nikaisikia inakohoa. Kina mama foleni mpaka barabarani, mahindi na mihogo mikavu vichwani. Leonidasi alikuwa amekwenda kunywa chai. Nikajitambulisha kama afisa, nikazima.

Kuwaka ikagoma. Leonidasi amezungusha hendeli mpaka shati limelowa, wapi! Kina mama wameniita majina ya Kiha ambayo siyaandiki humu, na mmoja amenipiga na ungo. Tatizo nimeligundua nikiwa nakimbia: ile mashine ni ya zamani mno, haijaingia kwenye mfumo.

Mama Tunu ameuliza tena habari za mafuta. Nimesema yako njiani, yamekwama bandarini.

Jumamosi, 15 Machi.

MAHAFALI! Nimekuwa wa kwanza darasani! Imeandikwa kwenye cheti, kwa wino wa dhahabu. Jina limeandikwa Nuru Dini badala ya Nurudini, lakini nafasi ni sahihi. Isihaka amekikunja chake haraka akakitia mfukoni. Nimemwonea huruma, sikumuuliza.

Kwenye sherehe Mkurugenzi amemwagikiwa chai ya moto mapajani akaruka akilia "Mawe!", yaani mama, Kiha kitupu, kama mtu aliyezaliwa Kakonko. Nimempongeza kwa kujifunza lugha yetu upesi hivyo. Ametangaza anakwenda Kibondo kufungua tawi, tukae karibu na simu, mashirika yatapiga. Vitu tulivyoweka anakwenda navyo kwa usalama wake. Mtu anayejali!

Jumanne, 18 Machi.

Simu imeita mara moja. Mjomba, anauliza kamba.

Mama Tunu amekata vitambaa vya Shadia vyote, amevipanga kitandani, anasubiri cherehani. Kila nikivipita nageuza uso. Lakini sijakata tamaa, nimepata wazo! Kwa nini nisubiri mashirika? Nitafungua ofisi mwenyewe, barazani kwa mjomba, wateja wajae, nikomboe cherehani kabla ya Jumapili. Nimeandika kwenye ubao, herufi kubwa: MSAADA WA KOMPYUTA UNATOLEWA HAPA KESHO. SIKU YA KWANZA BURE. Nimewaambia na makonda wa magari ya Buhigwe na Titye watangaze huko waendako.

Jumatano, 19 Machi.

Nimefungua mlango saa moja asubuhi. Yallah!

Watu mpaka kwenye mtaro. Nikafurahi karibu nizimie, nikafikiri Kasulu nzima ina kompyuta mbovu. Halafu nikaona wamekuja na magunia. Na baiskeli. Na vitambulisho mkononi. Mama mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Therese, mwenye watoto watatu, akaja mbele kwa adabu: "Papa, njo hapa banagawaka ordinatere?" Akataka kujua kompyuta ni moja kwa kila kichwa au moja kwa kaya. Mzee mmoja, Ndayiragije, akauliza kama inatolewa pamoja na mafuta ya kula, au mafuta ni wiki ijayo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu huku msaada una maana moja: unga, maharage, mafuta, blanketi. Unapanga foleni, unapewa, unakwenda nao nyumbani. Nani amewahi kusikia msaada usiobebeka?

Nimepanda juu ya mfuko wa saruji kufafanua. Nimesema mimi sigawi kompyuta, ninamsaidia mwenye nayo kuizima na kuiwasha. Kisha Therese akasema, wote wakisikia, kwamba kuzima yeye anajua. Wakaanza kusogea. Nikaingia nyuma ya mabati. Mjomba peke yake ndiye aliyefaidi, ameuza soda zote na magunia yote, na hajataja kamba.

Balaa lenyewe likaja na Mama Tunu. Alipenya katikati ya watu, akauliza kwa sauti fundi wa mafuta ni nani, amfuate mwenyewe. Mzee wa choo, ambaye naye alikuja na gunia, akanijibia: cherehani kiko Kibondo kwa Mkurugenzi.

Hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, Jumapili, akaondoka. Nilitamani angenipiga. Nimemfanyia vibaya, najua, na usiku huu niko barazani na blanketi la mjomba.

Ijumaa, 21 Machi. Kibondo.

Nimekuja na Isihaka kwa pikipiki yake, maana yeye aliweka godoro. Njiani tumesimama kula mahindi, nikaona cheti chake. Wa kwanza darasani! Naye akaona changu. Hatukuongea mpaka Kibondo. Hilo limeniuma karibu sawa na cherehani.

Mkurugenzi tumemkuta ukumbini na tangazo jipya: SOMA WIKI MBILI, UWE FUNDI MITINDO WA KIMATAIFA. Mbele ya darasa, cherehani kimoja. Cha Mama Tunu! Wanafunzi wanashonea kwenye boksi lililochorwa sindano. Mkurugenzi amesema kwa upole kwamba makubaliano ni mshahara wa kwanza, tukipata tuje. Mlangoni kuna jitu lenye mikono kama mapaja yangu.

Tumekaa nje. Isihaka akataka kulia. Na mimi. Ndipo likanijia!

Nimekwenda sokoni, nikamwinamia mama mmoja muuza dagaa, nikamwambia kwa siri, asimwambie mtu, kwamba pale ukumbini msaada wa vyerehani unatolewa. Kabla sijamaliza alikuwa amefunga kibanda. Nilivyorudi barabara imejaa, vitambulisho juu. Lile jitu limetoweka sijui wapi. Mkurugenzi juu ya meza anafafanua, nani anamsikiliza? Nikachomoa cheti changu, nikakiinua, nikapaza sauti: mimi ni Afisa Msaada, nipisheni! Wakanipisha! Wakaambiana wampishe afisa. Nikanyanyua cherehani, Isihaka godoro, tukatoka kwa heshima zote. Mama mmoja amenishukuru.

Nani alisema cheti hakina kazi?

Jumapili, 23 Machi. Kasulu.

Harusi imefana! Jana Mama Tunu ameshona kutwa, na mimi ameniambia neno moja tu, sogea. Lakini leo Shadia ameingia na gauni lake, vigelegele, na Mama Tunu kasimama mbele ya ukoo kichwa juu. Jioni nimemsimulia ya Kibondo. Amecheka mpaka ameshika ukuta. Nimeruhusiwa kulala ndani. Namshukuru Mungu, na nimeapa mbele yake: kozi basi.

Saa mbili usiku simu imeita. Mkurugenzi Saady! Hana kinyongo hata kidogo. Amesema katika maisha yake hajaona mtu anayejaza ukumbi kwa neno moja, kipaji kama hicho hakifundishwi. Anafungua tawi Kakonko na anataka Mkurugenzi Msaidizi. Mimi! Suti, simu mbili! Hii si kozi, hii ni ubia, kwa hiyo kiapo hakijaguswa. Nitatanguliza tu kitu kidogo cha kuonyesha nia.

Cherehani Mama Tunu amekifunga mnyororo kwenye kitanda, na kitanda hakipiti mlangoni. Lakini nimepita dukani kwa mjomba, nimeitazama mizani yake kwa makini. Inalialia kidogo. Naona inahitaji kutiwa mafuta.