Kidude cha Bima Kimenichongea kwa Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibika ndani ya gari langu mwenyewe, na mpaka sasa sielewi nimlaumu nani.

Mnakumbuka nilivyojisifu hapa kwamba nimepata bima nafuu? Wakala alifunga kidude chini ya dashibodi, akasema kitaangalia ninavyoendesha. Ukiendesha vizuri, bima inashuka. Nikakubali bila kuuliza swali hata moja (msinianze).

Basi leo asubuhi nilikuwa namrudisha mama mkwe kwake Kharumwa. Mke wangu kakaa mbele, mama mkwe nyuma yangu. Sisi Wasukuma mkwe haongeleshwi hovyo. Akiwa na neno anampa binti yake, binti yake ananipa mimi, ingawa wote tumesikia. Ndiyo heshima.

Hatujafika mbali kutoka Katoro, ng'ombe wakakatiza barabara. Nikakanyaga breki, wote tukayumba. Mbele kidogo, ng'ombe wengine. Breki tena. Mara simu ikaita. Simu yangu nimeiunganisha na redio ya gari (ujanja wa mjini), kwa hiyo sauti ya wakala ikajaa gari zima. Akasema alama zangu zimeshuka na bima itapanda, kwa sababu nafunga sana breki za ghafla.

Nikamweleza habari ya ng'ombe. Akasema mtambo hauoni ng'ombe, unaona breki. Nikachanganyikiwa. Sasa niwagonge? Nisipofunga breki nalipa ng'ombe wa watu, nikifunga nalipa bima!

Hapo ningekata simu ningekuwa salama. Lakini mimi na ubishi wangu, nikapandisha sauti: "Kosa lingine liko wapi? Litaje, kama lipo!"

"Lipo, kaka. Jumamosi gari lilitoka Katoro asubuhi, likashinda limeegeshwa kwenye baa Geita mjini, likarudi usiku sana. Safari za usiku tunazihesabu kuwa za hatari."

Mungu wangu, Jumamosi!

Jumamosi hiyo mama mkwe aliomba nikamchukue, aje kwenye kipaimara cha mjukuu wake. Nikasema gari liko gereji, injini imefunguliwa. (Kulikuwa na mpira, jamani.) Mama wa watu akaja na bodaboda, kuku wa zawadi mapajani, vumbi mpaka kwenye kope. Mimi nikaingia usiku nikimlaani fundi kwa kunichelewesha. Hata mke wangu alinipa pole.

Nikakata simu. Mke wangu ananitazama tu. Nami kichwani najiuliza, bima ya ajali na mahali ninapoegesha vinahusiana nini? Na huyo anayeniona, ananionea wapi? Nani mwingine anaona? Nilitamani wapite ng'ombe wengine.

Ndipo mama mkwe akasema taratibu, akimwelekea binti yake: "Mama Kulwa, mwombe mwenzako namba ya huyo kijana wa bima. Siku nyingine nikitaka kuja, nitamwuliza yeye gari liko wapi."

Mke wangu akanigeukia, akanifikishia ujumbe neno kwa neno, kana kwamba mimi ni kiziwi. Namba nikaitoa. Ningefanyaje?

Sasa wewe unayecheka, hebu tuambie kwanza: gari lako lilikuwa wapi Jumamosi?