Baiskeli ya Baba na Njia ya Mkato

Jumatatu, 3 Juni
Nimeitangazia masjala nzima: Jumamosi nakwenda kwa dada, kijijini tulikozaliwa, kwa baiskeli ya marehemu Baba. Bila nauli. Bila moshi. Karani mwenzangu akauliza kama nimepima presha. Husuda! Mke wangu anasema treni nayo ni rahisi, na moshi wake tunagawana abiria mia tatu. Nimemwambia treni haina historia. Amekata tiketi yake.

Jumanne, 4 Juni
Nimeitoa stoo. Baba alikuwa mpeleka barua. Utotoni nilikaa kwenye keria, shavu mgongoni mwake, nikinusa wino na sabuni ya kufulia. Akipanda mlima aliimba puani ili nisijue kwamba amechoka. Nilijua.
Fundi baiskeli amesema mnyororo umekwisha. Nikamjibu ya kale ni dhahabu. Akasema basi niupeleke kwa sonara.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa. Shemeji, kaka wa mke wangu, yule fundi saa, kanunua baiskeli yenye gia kumi na nane. Anasema atanisindikiza. Mimi! Nisindikizwe kama bibi harusi! Nimemwelekeza njia ndefu ya kuzungukia darajani. Sikumtajia njia ya mkato ya Baba, ile ya nyuma ya kinu cha kusaga nafaka. Akili ni nywele, na Shemeji ana upara.

Jumamosi, 8 Juni
Njia ya mkato haipo. Pana ukuta, na geti, na mlinzi mzee aliyeniamuru nirudi nilikotoka. Kisha akaiona baiskeli. Akaweka kikombe chake chini, akalishika tandiko kama mtu anayeshika bega la rafiki. Akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia tulimzika miaka tisa iliyopita.
"Mimi sikujua kusoma," akasema. "Barua za mke wangu alinisomea yeye. Akifika penye maneno ya chumbani anaona haya, anageuza uso kando. Lakini haruki hata neno."
Nilicheka, kisha nikashindwa kucheka. Akanifungulia geti.
Hatua mia moja mbele, mnyororo ukakatika. Nimesukuma hadi alasiri. Shemeji ndiye aliyekuja kunipokea njiani: ameshafika, ameshaoga, ameshakula. Mke wangu alikuwa kwa dada tangu asubuhi. Amelala safari nzima ya treni, uso umenawiri.

Jumapili, 9 Juni
Magoti hayakunjiki. Nimemsimulia dada habari za mlinzi. Akalia, akafuta macho, akaniomba nisimulie tena, hasa hapo Baba alipogeuza uso. Tumekaa jikoni hadi chai ikapoa.
Mke wangu amesema kwa upole turudi wote kwa treni, baiskeli iingie behewa la mizigo. Shemeji kaunga mkono. Yake pia ataipakia, maana upepo ni mkali. Nimekubali. Nimeshukuru. Nimetikisa kichwa kama mtu mzima aliyefunzwa na ulimwengu.
Kisha nikatoka uani. Upepo wenyewe unavuma kuelekea kwetu mjini, moja kwa moja, na haukatiwi tiketi. Kwenye kamba limeanikwa shuka la dada, kubwa, zito, limeshakauka. Fito mbili za kulitweka kama tanga juu ya baiskeli nimezipata nyuma ya banda la kuku.
Treni inaondoka saa nane. Nitawatangulia.