Samaki wa Pweto na Barabara Isiyo na Matope

Jumatatu, 4 Machi 1974
Balaa! Mukuka atapewa medali ya utafiti. Sote wawili ni wasaidizi wa maprofesa hapa shule ya biashara, tena mimi nilimtangulia kuajiriwa. Amechunguza kwa nini samaki wakavu wa Pweto, kule Ziwa Mweru, wanafika Lubumbashi wameoza. Jibu lake: barabara mbovu. Nimeingia kwa mkuu wa shule, nikafunga mlango, nikamnong'oneza kwamba anayeitukana barabara anakitukana Chama. Mkuu kabadilika rangi. Safi!

Jumatano, 6 Machi
Sijala. Mkuu amefuta jina la Mukuka kwenye utafiti, ameandika langu! Amesema kwa kuwa mimi ndiye niliyeiona hatari, niiondoe humo, kisha niusome utafiti huo Ijumaa mbele ya mjumbe wa Chama. Nikikosea neno, nitapelekwa wapi? Jamaa mmoja wa Karavia, hapa mjini, alichukuliwa kwa sababu ya mzaha tu, bia mkononi. Mke wangu, jina lake Mujinga, ameuliza ninatetemeka nini. Malaria, nikasema. Kanipa kwinini. Nimemeza!

Ijumaa, 8 Machi
Nimesoma. Masikio yalikuwa yanavuma kwa kwinini. Barabara ya Pweto ni laini, nikasema, samaki wanafika wazuri kuliko walivyoondoka. Makofi! Ndipo akasimama Mama Mwajuma, mchuuzi wa samaki aliyealikwa. "Samaki yangu inaoza mu njia kila mvua. Huyu muntu alipita njia gani?" Abacost yangu, suti ile ya Chama isiyovaliwa tai, ikalowa jasho mpaka kwenye kola. Mjumbe akatabasamu. Kesho atakwenda mwenyewe kuiona barabara hiyo. Pamoja nami.

Jumamosi, 9 Machi
Nilimsihi Mukuka aje, maana njia anaijua. Alikubali, sijui kwa nini. Tumeipita Naviundu, pembeni mwa mji, kidogo tu, gari likazama matopeni hadi milangoni. Tukasukuma. Gurudumu likammwagia mjumbe tope usoni! Nikafunga macho, nikingoja.

Akauliza polepole, akiniita mwananchi kwa Kifaransa kama Chama kinavyoagiza: "Citoyen Chileshe, unaona matope hapa?"

Nikajibu kwamba sioni kitu.

"Hata miye sioni. Na muntu asiseme tuliona."

Nikafumbua macho. Alikuwa anajifuta tope haraka haraka, akichungulia nyuma kama kuna aliyetuona. Kumbe naye ana wakubwa wake! Mukuka alikata matawi, akayapanga chini ya magurudumu, tukatoka, tukarudi mjini kama watu watokao msibani.

Jumanne, 12 Machi
Asubuhi Mujinga alinisihi nikae kimya walau mwezi mmoja. Nikamwapia.

Saa nne, sherehe. Medali kapewa Mukuka, kwa amri ya mjumbe, "kwa utafiti wake". Utafiti upi, mkuu hakuthubutu kusema. Mimi sikukamatwa! Kisha mjumbe akauliza nani atakwenda kuchunguza biashara ya mitumbwi kwenye Ziwa Mweru, wiki nzima majini. Nikamwona Mukuka anaanza kuinua mkono. Nikamuwahi! Mkono wangu ukawa wa kwanza, tena juu kabisa.

Naondoka Alhamisi. Kuogelea sijui.