Dakika Kumi na Moja za Shangazi

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo imeanza. Mwalimu wa sayansi ametupa kazi: kila mmoja atafute kitu kibovu au kizembe, akirekebishe, akipime kabla na baada. Atakayefanya vizuri kuliko wote ataingia klabu ya kompyuta. Imebaki nafasi moja. Nafasi moja! Na Kiranja wa darasa letu naye anaitaka. Amekwisha kutangaza kwamba atayafufua kwa maji ya sabuni maharage yanayokufa nyuma ya jiko lao. Nimemtakia heri. Kwa mdomo.

Mimi nimepata changu. Kompyuta ya Shangazi.

Shangazi, dada yake Baba, ana chumba cha kuchapa barua na kutoa nakala, mlango wa tatu kutoka posta. Kompyuta yake ni ya mezani, kasha kubwa jeusi chini ya meza, na tuna umri mmoja mimi nayo. Leo nimeipima kwa saa ya Baba. Tangu kubonyeza kitufe hadi kuweza kuandika herufi ya kwanza: dakika 11, sekunde 40. Muda huo unatosha mtu kuoga, kuvaa na kugombana na kaka yake.

Mteja wa kwanza alikuwa mpima ardhi. Mtu mrefu, mpole, vumbi hadi magotini. Alileta ukurasa mmoja tu wa kuchapa. Akakaa kwenye stuli kusubiri, dakika zote kumi na moja. Maskini! Nilimhurumia sana.

Mwalimu alisema tuandike kila tunachokiona, hata tusichojua maana yake. Basi jedwali langu lina safu tatu: muda, mteja, na vicheko vya Shangazi. Leo: vicheko vinne.

Jumanne, 5 Agosti

Dakika 11, sekunde 52. Mpima ardhi tena. Ukurasa mmoja tena. Vicheko sita, kimoja kirefu mno. Mpima ardhi alikuwa akisimulia jinsi mbuzi wa watu alivyotafuna kamba yake ya kupimia, ikawa kiwanja cha jirani kimepungua hatua tatu.

Jambo la ajabu. Nilipotumwa kununua karatasi nilipita ofisi ya wapima ardhi. Wana printa mbili! Nimeziona dirishani, zote zinatema karatasi. Kwa nini mtu mwenye printa mbili avuke barabara kuja kuteseka kwetu? Nimeliandika kwenye ukurasa wa Maswali Yasiyo na Majibu.

Kisha nikaenda kwa fundi wa kompyuta. Mtaa mzima unamwita Hakuna Shida, maana ndilo neno lake kabla ya kila hasara. Nikamweleza dalili. Akasema ugonjwa ni diski. Ile ya zamani ina sahani zinazozunguka na kisindano kinachotafuta-tafuta, kama mzee anayetafuta miwani iliyo usoni pake. Hizi mpya, SSD, hazina kinachozunguka; ukiuliza, zinajibu. Anayo moja, ameitoa kwenye kompyuta ya mkononi iliyokanyagwa na gari. Diski yenyewe nzima kabisa, binti, hakuna shida. Hapo nikaogopa kidogo.

Tumepatana. Nitamfungulia fundo la nyaya zake zote, nibandike na majina. Ni sanduku zima. Tambi za jitu!

Alhamisi, 7 Agosti

Nyaya zimekwisha. Kucha zangu pia. Lakini diski ninayo! Nyembamba, nyepesi, haina hata kelele. Nimeificha ndani ya soksi.

Shangazi hajui kitu. Nilimchokoza kidogo, nikamuuliza angejisikiaje kompyuta yake ikiwa na haraka. Akasema mashine yake haina neno, ni ya kistaarabu, haimkurupushi mtu. Ni wazi amekwisha kukata tamaa. Atafurahi sana.

Nimekutana na Kiranja dukani. Maharage yake yametoa majani mawili mapya. Nikasema hongera. Neno lenyewe lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya upasuaji! Shangazi amekwenda kumwona Bibi. Ufunguo niliuomba eti nikafagie. (Na nimefagia. Sikudanganya, nilipunguza maelezo tu.)

Nikachomoa umeme. Nikagusa chuma kwanza ili kutoa umeme wa mwilini, kama Hakuna Shida alivyonifundisha. Nikafungua ubavu wa kasha. Vumbi la kufinyangia chungu! Ndani nimekuta pini ya nywele ya Shangazi na maganda ya njugu. Skrubu zilikuwa nne, nimezirudisha tatu. Diski mpya ni ndogo kuliko nafasi yake, inacheza kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. Nikaikaza kwa selotepu. Waya wa umeme mmoja, waya wa data mmoja. Nikawasha.

Diski haionekani! Nikakaa sakafuni nikiwaza maharage. Baada ya nusu saa nikagundua kwamba waya wa data nimeuchomeka upande mmoja tu. Upande wa pili nilikuwa nimeushika mkononi. Muda wote!

Halafu kunakili kila kitu kutoka diski ya zamani hadi mpya, kwa programu ya fundi. Alinionya kwamba nikikosea upande, nitanakili utupu juu ya barua za mtaa mzima. Nilisoma skrini mara tisa ndipo nikabonyeza. Imechukua saa tatu na nusu.

Nikazima, nikawasha. Dakika 11, sekunde 45! Machozi yalikuwa njiani. Kumbe mashine ilikuwa bado inaanzia diski ya zamani kwa mazoea, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Nikabadilisha mpangilio, ianze na mpya. Nikabonyeza.

Sekunde 19.

Nimerudia mara saba. Sekunde 19 mara saba! Nimecheza peke yangu katikati ya rimu za karatasi.

Jumatatu, 11 Agosti

Saa mbili asubuhi. Mpima ardhi ameingia na ukurasa wake. Shangazi akabonyeza kitufe, akageuka kumvutia stuli. Kabla stuli haijagusa sakafu, mashine ikalia: tayari.

Stuli ikabaki hewani.

Nikajitokeza nikaeleza yote, jedwali mkononi. Shangazi akasema haya, nimefanya vizuri, mwanangu. Alisema polepole, nadhani ni mshtuko wa furaha. Mpima ardhi akaniita mhandisi. Akapokea ukurasa wake ungali wa moto, akaitazama stuli, akautazama mlango, akaaga. Jumla: dakika mbili.

Vicheko: sifuri.

Jumatano, 13 Agosti

Sekunde 19. Wateja wamejaa hadi nje. Mwenye duka la dawa amesema sasa hapa ni kufumba na kufumbua. Ila Shangazi amechapa barua ya mtu ya kuomba kazi kwa tarehe ya mwaka jana, na hilo si kawaida yake.

Jana mpima ardhi alisimama mlangoni tu. Leo hakuja kabisa. Nikauliza kama anaumwa. Shangazi akajibu kwamba atajuaje, kwani yeye ndiye mama yake? Kisha akachukua kitambaa akaipangusa stuli. Stuli ilikuwa safi.

Vicheko: sifuri, siku ya tatu. Je, SSD ina madhara kwa binadamu? Nimeuliza. Hakuna Shida amesema hajawahi kusikia.

Ijumaa, 15 Agosti

Nilikuwa nanakili jedwali kwa wino, na hapo ndipo nilipoliona. Safu ya muda imeporomoka. Safu ya vicheko imeporomoka nayo, bega kwa bega.

Printa mbili. Ukurasa mmoja. Stuli.

Mungu wangu! Nimeurekebisha uchumba wa Shangazi mpaka ukavunjika.

Mpango mpya: kurudisha ubovu. Shangazi alipotoka kwenda kula nikajipenyeza chini ya meza, nikachomoa waya wa diski mpya. Mara miguu ikatokea. Viatu vya Shangazi! Akauliza natafuta nini. Nikasema pini ya nywele. Akauliza kama ni ile iliyo kichwani mwangu.

Nikamwambia kila kitu. Akakaa sakafuni kando yangu, na sketi yake ya kazi. Halafu akasema nirudishe waya. Mtu anayehitaji mashine mbovu ndipo akae, akasema, huyo alikuja kuitembelea mashine. Sauti yake ilikuwa imara. Macho yake, hapana.

Nimerudisha waya. Sijawahi kuzichukia sekunde 19 namna hii.

Jumamosi, 16 Agosti

Sikulala vizuri. Asubuhi nimevuka barabara hadi ofisi ya wapima ardhi. Shikamoo. Marahaba, mhandisi. Nikasema nimekuja kuomba radhi. Akauliza kwa lipi. Nikampa jedwali asome mwenyewe.

Safu ya muda aliipita mbio. Kwenye safu ya vicheko akakaa. Akaiteremka kwa kidole, polepole, mpaka kwenye zile sifuri. Akaniuliza kama sifuri hizi nina hakika nazo. Nikasema nimezihesabu mwenyewe.

Akaomba abaki nalo. Nikamwambia ni kazi ya shule. Basi akalitolea nakala. Kwa mashine yao. Sekunde tano!

Jumatatu, 18 Agosti

Saa mbili kamili mpima ardhi ameingia. Mikono mitupu! Viatu amepiga rangi. Shangazi akamuuliza, bila kuinua macho, leo anachapa nini. Akasema leo hana cha kuchapa.

Kimya. Nikahesabu: sekunde 14.

Kisha akasema kwamba yule mbuzi amerudi, na safari hii amekula ramani.

Shangazi akavuta stuli. Akaweka birika la umeme, wanywe chai. Wameongea mpaka wateja watatu wakaanza kugonga kaunta. Vicheko: kumi na moja. Rekodi! Shangazi aliponipita akanifinya shavu, akaniita mchawi wake.

Kiranja naye nimemwona. Maharage yamenyauka yote; ni ile sabuni. Nimemfariji. Kwa mdomo na kwa moyo, karibu nusu kwa nusu.

Sasa kuna jambo dogo. Birika lile. Nililipima walipokuwa wakiongea, kwa mazoea tu. Vikombe viwili vya maji: dakika 9, sekunde 20! Na mpima ardhi wa watu amekaa pale anasubiri, maskini. Nimechungulia ndani. Ukoko mweupe wa chumvi ya maji, unene wa kidole! Dawa yake ni siki na maji moto.

Kesho nitaomba ufunguo mapema, eti nikafagie. Shangazi atafurahi sana.